Mashine iko Kondoa, ukweli wake uko wapi?

Simu iliita saa moja na nusu asubuhi. Usiku umeme ulikatika Kondoa, ukarudi alfajiri, na karani wa ofisi yetu ya kule akaniambia, "Kaka, mashine imewaka, taa zote ziko sawa, lakini mfumo hausomi." Nikajaribu kuingia kwenye seva ile, yaani kompyuta inayohudumia ofisi nzima, nikiwa Dodoma mjini. Kimya, kama unapiga hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Nikabeba lepotopu na waya, nikapanda gari. Ni kilomita takriban 160. Nilipofika, kazi yenyewe ilinichukua dakika nne: ndani ya faili la mtandao, mstari mmoja ulikuwa bado unataja anwani ya ruta ya zamani (kifaa kinachounganisha ofisi na mtandao wa nje), ruta tuliyoiondoa miezi minne nyuma.

Safari haikuniuma. Kilichoniuma ni kwamba siku tuliyobadilisha ruta, mimi mwenyewe niliirekebisha seva hiyo kwa mbali, na ikaendelea na kazi vizuri. Niliipa amri: kuanzia sasa pitia ruta mpya. Ikatii. Ila niliitamkia tu, sikuandika kwenye faili ambalo mashine hulisoma inapoamka. Kwa miezi minne seva ikaishi na neno lililokuwa kichwani mwake. Umeme ulipokatika kichwa kikafutika, ikaamka, ikasoma kilichoandikwa, ikaanza kumtafuta jirani aliyekwisha kuhama.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaeleza vijana wanaoanza kazi hii jambo moja kwa njia nyingi. Kusimamia mashine za mbali watu hudhani ni suala la kuzifikia, yaani nina neno la siri, nina mtandao, basi naweza. Kuzifikia ni nusu ndogo ya kazi. Swali zito ni hili: ukiulizwa mashine ile inatakiwa iweje, jibu linakaa wapi?

Kwanza tuelewane kuhusu kitu chenyewe. Vitabu vya Kiswahili hukiita usanidi, au data ya mpangilio. Mafundi tunasema setingi, na tukiwa kazini tunasema "kuseti". Ni yale maelezo madogo madogo yanayoifanya mashine hii iwe hii na si nyingine: jina lake, anwani yake ya IP (namba inayoitambulisha mtandaoni), ruta inayopitia, inakouliza majina ya mashine nyingine, inakouliza saa, nani anaruhusiwa kuingia, programu zipi ziwake zenyewe, nakala rudufu ziende wapi na saa ngapi. Hakuna hata moja inayohitaji hesabu ngumu. Mtu mmoja na seva moja anaweza kuyaweka yote kwa asubuhi moja na akayakumbuka mwaka mzima.

Ugumu unaletwa na wingi ukichanganyika na umbali. Tanzania Bara ina halmashauri 184. Chukulia kila moja ina seva moja tu, na mtu mmoja amepewa kazi ya kuzitembelea, moja kwa kila siku ya kazi. Atamaliza baada ya miezi kama tisa. Akirudi kwenye ile ya kwanza ataikuta imebadilika: fundi wa pale aliongeza kitu, programu ilijisasisha, mtu alifungua mlango wa mtandao "kwa muda" na hakuufunga. Ndiyo maana tangu serikali ihamie Dodoma na ofisi kujaa kwenye mji wa serikali wa Mtumba, wenzangu wengi kazi yao ya kila siku ni kukaa hapa katikati ya nchi na kuhakikisha mashine wasizoziona zinafanana na walivyokusudia.

Ukweli unaokaa mahali patatu

Kisa cha Kondoa kinaonyesha kwamba mashine moja ina ukweli wa aina tatu. Upo uliokusudiwa na mwenye mashine. Upo ulioandikwa kwenye diski. Na upo ule ambao programu inaufuata kwa sasa, ndani ya kumbukumbu yake. Kila kitu kikienda sawa, zote tatu zinasema neno moja. Kwa kawaida hazisemi.

Ukihariri faili bila kuiambia programu ilisome upya, diski imebadilika na kumbukumbu bado iko jana. Ukitoa amri bila kuandika, kumbukumbu imebadilika na diski iko jana. Na ukifanya yote mawili kwa usahihi bila kumwambia mwenzako wala kuandika popote, mashine iko sawa kabisa, lakini wiki ijayo mwenzako "atairekebisha" irudi ilivyokuwa, kwa nia njema.

Kwetu huku umeme ndio mkaguzi. Mashine inaweza kukaa miezi na tofauti hiyo bila mtu kujua, kwa sababu hakuna kinachoilazimisha kusoma upya. Inapozimika ghafla na kuwaka, deni lote linadaiwa usiku mmoja. Nimejifunza kuzima na kuwasha seva kwa makusudi, mchana, nikiwa bado na mtu pale ofisini, mara tu baada ya badiliko kubwa. Wako wanaoona ni kuhangaika bure. Mimi naona afadhali nijue saa nne asubuhi kuliko saa tisa usiku.

Mashine nyingi zilizotakiwa kufanana zinapoachana taratibu hivyo, hakuna anayeona, kwa sababu hakuna siku moja ambayo jambo kubwa lilitokea. Mfano ninaoutumia kila mara ni wa kampuni ya hisa ya Marekani iitwayo Knight Capital. Mwaka 2012 ilikuwa na seva nane za kupeleka maagizo ya wateja sokoni. Programu mpya ikawekwa kwenye saba. Ya nane ikasahaulika. Programu mpya ilitumia swichi ileile ambayo zamani iliamsha kipande cha kazi kilichoachwa kutumika tangu 2003, na kwenye seva ya nane kipande hicho kilikuwa bado kimelala humo. Asubuhi ya Agosti 1 soko likafunguliwa, swichi ikawashwa, seva saba zikafanya zilichoagizwa, na ya nane ikaamsha mfu. Ikanunua na kuuza bila kikomo. Kwa dakika kama 45 kampuni ikapoteza zaidi ya dola milioni 440.

Sehemu inayonisumbua zaidi ni walichofanya katikati ya moto. Waliona seva zinakosea, wakadhani programu mpya ndiyo mbaya, wakaiondoa kwenye zile saba zilizokuwa nzima. Sasa zote nane zikawa zinakosea. Hawakuwa wazembe wala wajinga. Hakukuwa na mahali pa kuangalia na kuona kwa jicho moja: saba ziko hivi, moja iko vile. Kabla soko halijafunguliwa mfumo wao ulikwisha kutuma barua pepe 97 zilizotaja hitilafu ile, ila hazikuwekwa kama tahadhari, na hakuna aliyezifanyia kazi.

Walivyojaribu waliotutangulia

Tatizo hili ni kongwe kuliko intaneti yenyewe. Kwenye mtandao wa ARPANET, uliokuja kuzaa intaneti, mashine zote zilitambuana kwa faili moja lililoitwa HOSTS.TXT. Lilitunzwa na kituo kimoja cha taasisi ya SRI huko Menlo Park, California. Ukiongeza mashine kwenye chuo chako uliwaarifu, wao wakaandika, kisha kila mashine ikaja kuchukua nakala mpya. Ukweli ulikuwa na nyumba moja, na hilo lilikuwa zuri. Ila nyumba hiyo ikazidiwa: mashine zikaongezeka, faili likanenepa, wachukuaji wakawa wengi, na nakala za watu zikawa zimepitwa na wakati hata kabla hawajamaliza kuzipakua. Mwaka 1983 Paul Mockapetris akatoa muundo wa DNS, mfumo wa majina ya mashine, ambapo kila mwenye eneo hutunza majina yake mwenyewe na wengine humwuliza wanapohitaji. Kituo hakikufa. Kilibaki kinajua nani wa kuulizwa. Na faili lile la zamani bado lina mtoto wake ndani ya kila seva inayotumia mfumo endeshi wa Linux, kwenye njia ya /etc/hosts, na bado linaponza watu: mtu anaandika humo anwani kwa haraka, anasahau, na miaka miwili baadaye mashine moja inakataa kuona kile ambacho nyingine zote zinakiona.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, muungano wa kampuni ulioitwa Open Software Foundation ulitoa mfumo wa DCE, wa kuziunganisha kompyuta za aina tofauti zifanye kazi kama jamii moja. Mpangilio wake wa data za mashine ulinivutia nilipousoma, kwa sababu karibu kila tunachokifanya leo kiko mle. Kila mashine ilikuwa na programu moja inayokaa macho muda wote, inaitwa dced. Hiyo ndiyo ilikuwa bawabu wa data za mashine: jina lake, jina la jamii yake, na mengineyo. Msimamizi aliyekaa kwenye mashine nyingine hakuhariri faili la mwenzake moja kwa moja. Alimwomba bawabu kwa programu ya amri iitwayo dcecp, bawabu akathibitisha yeye ni nani, akatazama orodha ya ruhusa, ndipo akabadilisha.

Halafu kikaja kitu kinachotibu ugonjwa wangu wa Kondoa. Kwa kila data ungeweza kuandikisha programu za kuamshwa baada ya badiliko. Data ikibadilika, bawabu mwenyewe anaita programu husika: amka, mambo yamebadilika. Diski na kumbukumbu zinabadilishwa kwa mkono mmoja. DCE yenyewe haitumiki sana siku hizi, ilikuwa nzito. Lakini wazo la kwamba kubadilisha data na kumwarifu anayeitumia ni tendo moja, hilo lipo katika kila zana nzuri ya leo.

Jaza pipa

Mwaka 1993 Mark Burgess, akiwa Chuo Kikuu cha Oslo, alianzisha CFEngine, zana ya kusimamia setingi za mashine nyingi, na baadaye zikaja Puppet, Chef, Salt na Ansible. Zinatofautiana kwa mengi, ila zinakubaliana jambo moja: usiiambie mashine la kufanya, iambie inavyotakiwa kuwa.

Dodoma kila nyumba inajua pipa la maji. Ukimwambia mtoto, "Ongeza ndoo tatu kwenye pipa," matokeo yanategemea pipa lilikuwaje. Lilikuwa tupu, bado halijajaa. Lilikuwa limebakiza kidogo, maji yanamwagika. Na kama hukumbuki ulishamtuma au bado, ukimtuma tena umepoteza maji. Ukimwambia, "Hakikisha pipa limejaa," unaweza kumtuma mara kumi. Atakwenda, atatazama, akikuta limejaa atarudi mikono mitupu. Agizo la pili halina haja ya kujua historia.

Agizo la aina ya kwanza ni kama "ongeza mstari huu mwishoni mwa faili." Mtandao ukikatika katikati ukalirudia, unapata mistari miwili. Agizo la aina ya pili ni "faili hili liwe na mstari huu, mara moja tu." Kwa mashine iliyo mbali, ambayo mawasiliano yake hukatika kazi ikiwa haijaisha, tofauti hii ndiyo inayokuruhusu kulala. Kitu kikikatika hujiulizi kilifika wapi. Unarudia kutoka mwanzo.

Maagizo hayo yanaandikwa kwenye mafaili ya kawaida, na mafaili hayo yanakaa kwenye hifadhi inayotunza kila toleo. Wengi tunatumia Git, iliyotoka 2005. Sisi tunaliita daftari. Kwenye daftari letu, ukurasa wa Kondoa ni mfupi hivi:

jina: kondoa-01
kundi: wilaya
anwani: 10.20.6.10
ruta: 10.20.6.1

Basi. Mashine ina mamia ya setingi, ila mistari hii minne ndiyo pekee inayoihusu yenyewe. Mengine imeyarithi. Neno "wilaya" linaileta kwenye ukurasa wa kundi, ambako imeandikwa saa ya nakala rudufu na programu zinazowashwa kwenye ofisi zote za wilaya. Juu ya hapo upo ukurasa wa wote: seva ya saa, seva ya majina, watu wanaoruhusiwa kuingia. Mfanyakazi akihama namfuta mahali pamoja. Kanuni yetu ni kwamba jambo linaandikwa ngazi ya juu kabisa ambapo bado ni kweli. Nililipata hilo kwa jasho, maana daftari la kwanza nililotengeneza lilikuwa na ukurasa kamili kwa kila mashine, nikawa nimehamisha vurugu kutoka kwenye seva na kuileta kwenye daftari.

Faida ambayo sikuitegemea ni maswali. Zamani mtu akiniuliza kwa nini seva fulani imefungwa mlango fulani, nilikuwa nakuna kichwa. Sasa daftari linasema nani aliandika mstari huo, siku gani, na kwa sababu gani, kama aliandika sababu. Tunalazimishana kuandika.

Nani amfuate mwenzake

Daftari likiwa tayari, litafikaje Kondoa? Kuna wanaopeleka na kuna wanaosubiri kufuatwa. Ansible kwa kawaida hupeleka: unakaa Dodoma, inaingia kwenye kila mashine kwa SSH (njia salama ya kuingia kwa mbali), inafanya kazi, inakuletea majibu. Puppet kwa kawaida hungoja: kila mashine ina wakala wake, programu ndogo inayokaa ndani yake, na wakala huja mwenyewe kuchukua maagizo, kwa mpangilio wa kiwandani kila baada ya dakika 30.

Kupeleka kunapendeza kwa sababu unaona matokeo hapo hapo. Lakini hebu fikiria mashine 40, na saa unayopeleka, tatu hazina umeme. Zana itakuambia tatu zimeshindikana. Utasema nitazirudia. Utapigiwa simu nyingine, utasahau. Hapo umeanza kutengeneza seva ya nane ya Knight Capital. Mashine inayokuja kuchukua yenyewe haisahauliki hivyo: ikiwaka, iwe kesho au mwezi ujao, jambo lake la kwanza ni kwenda kusoma ukurasa wake.

Kwa mazingira yetu nimeamua: mashine zije zenyewe, na mimi nipeleke pale tu penye dharura. Sijui kama ningeamua hivyo ningekuwa nasimamia jengo moja lenye jenereta isiyozima.

Kuna mtego mdogo hapa. Umeme unaporudi baada ya kukatika mkoa mzima, mashine zote huwaka dakika ileile na zote hukimbilia daftari kwa pamoja, kama abiria kwenye mlango wa basi moja. Dawa ni kila mashine ingoje muda wa bahati nasibu kabla ya kwenda. Sisi tumeweka kati ya sifuri na dakika kumi. Na mashine isipolifikia daftari, iendelee na nakala ya mwisho iliyo nayo. Kukatika kwa mtandao kusiwe sababu ya ofisi kusimama.

Tawi ulilokalia

Setingi zote si sawa. Ukikosea saa ya nakala rudufu, utagundua na kurekebisha. Ukikosea anwani, ruta, kinga ya mtandao au ruhusa za SSH, umekata tawi ulilokalia: njia ya kurekebishia kosa ndiyo uliyoivunja.

Jioni ya Oktoba 4, 2021 wengi wetu tuliona WhatsApp imenyamaza, kuanzia saa kumi na mbili na nusu hivi kwa saa zetu hadi usiku wa manane. Facebook, wenye WhatsApp, walieleza baadaye kwamba amri iliyotolewa wakati wa matengenezo ya kawaida, kwa lengo la kupima uwezo wa uti wa mgongo wa mtandao wao, iliangusha miunganisho yote. Walikuwa na zana ya kukagua amri kabla hazijatekelezwa, nayo ikawa na kasoro ikaipitisha. Seva zao za majina zilipoona zimetengwa, zikajiondoa kwenye ramani ya intaneti, kama zilivyofundishwa. Wahandisi wakashindwa kuingia kwa mbali kwa sababu njia ya mbali ilikuwa ndiyo hiyo iliyoanguka, na zana zao za ndani zilitegemea majina yaleyale. Ikabidi watu waende kwa miguu yao kwenye majengo ya seva. Wenye mtandao mkubwa kiasi hicho walifanya nilichofanya mimi na gari la Kondoa.

Kwa hiyo badiliko la njia huliweki bila kuweka na njia ya kurudi. Ruta za Juniper zina amri nzuri sana: unaweka mabadiliko kwa masharti, na usipothibitisha ndani ya dakika kumi, ruta inarudi yenyewe ilivyokuwa. Ukijifungia nje hutathibitisha, kwa hiyo itarudi. Kwenye ruta za Cisco mafundi wengi huiagiza ruta ijizime na kuwaka baada ya dakika kumi, wanafanya badiliko bila kulihifadhi, na mambo yakiwa sawa wanafuta agizo na kuhifadhi. Ubuntu, toleo mojawapo la Linux, nayo ina "netplan try", inayokupa sekunde 120. Kama zana yako haina kitu hicho, unaweza kukitengeneza mwenyewe: kabla ya kugusa, panga kazi itakayorudisha faili la zamani baada ya dakika tano, kisha ukifanikiwa uifute.

Ukaguzi wa kabla nao ni wa lazima, na zana nyingi zinao bila watu kujua. Programu ya SSH ukiiendesha na "sshd -t" inasoma faili na kukuambia kama lina kosa, bila kubadilisha chochote. Nginx, programu ya kuhudumia tovuti, ina "nginx -t". Mstari huo mmoja ukae ndani ya maagizo, ili mashine yenyewe ikatae kumeza kilichooza.

Na faili lisiandikwe juu ya lile linalotumika. Umeme ukikatika katikati, unabaki na nusu faili. Andika jipya pembeni kwa jina jingine, hakikisha limefika kwenye diski, kisha libadilishe jina lichukue nafasi ya la zamani. Kwenye Linux kubadilisha jina ndani ya sehemu moja ya diski ni tendo lisilogawanyika: anayesoma atakuta ama la zamani zima ama jipya zima. Zana nzuri hufanya hivyo zenyewe. Hati ndogo tunazojiandikia usiku ndizo zinazosahau.

Wengine huuliza, daftari lenyewe likifa je? Kuna hifadhi kama etcd na ZooKeeper zinazoweka daftari kwenye seva kadhaa zinazokubaliana kwa kura. Hapa Dodoma, kwenye mji wa Bunge, neno akidi si geni. Nazo zinahitaji akidi ya zaidi ya nusu: seva tatu zinavumilia kifo cha moja, tano zinavumilia viwili. Seva mbili hazikuongezei chochote, maana moja ikifa, iliyobaki haifikii zaidi ya nusu. Kwa ofisi nyingi za huku sioni haja. Mashine zinazoweza kuishi na nakala ya mwisho zinavumilia daftari kulala usiku mmoja. Ila maneno ya siri yasiandikwe wazi kwenye daftari hata siku moja, kwa sababu daftari linalotunza kila toleo halisahau. Ukiandika nenosiri leo na kulifuta kesho, bado liko mle. Yafungwe kwa usimbaji fiche, na yakishavuja, badilisha nenosiri lenyewe.

Saa ya Manyoni

Kuna jambo moja ambalo daftari haliwezi kulitibu peke yake, na nililiona Manyoni.

Ofisi ya kule ilifungwa wiki tatu kwa ukarabati, wakachomoa kila kitu. Siku ya kufungua, mashine ikawaka na haikuja kwenye daftari. Haikuingilika pia, kwa sababu tunaingia kwa njia ya siri inayotumia vyeti vya kidijitali, na cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Betri ndogo inayoshikilia saa ndani ya mashine, ile ya duara kama sarafu, ilikuwa imekufa. Saa ikarudi 2010. Kwa mashine ile, cheti chetu kilikuwa hakijazaliwa.

Programu ya kurekebisha saa ilikuwepo. Lakini programu hiyo, ntpd, ina tahadhari yake: ikikuta tofauti inazidi sekunde 1,000, inaamua kuna jambo si la kawaida na inajizima. Kuna setingi ya kuiruhusu irukie saa sahihi mara moja tu wakati wa kuwaka. Tulikuwa tumekwisha kuiandika, wiki mbili kabla, kwenye ukurasa wa wote. Agizo sahihi lilikuwa linaisubiri mashine Dodoma, na mashine haikuweza kulifuata kwa sababu ya ugonjwa uleule ambao agizo lingeutibu.

Nikampigia mhasibu wa pale, mama mtu mzima. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, mfumo vipi?" Nikamwomba amtume kijana kwa fundi saa sokoni akanunue betri yenye maandishi CR2032. Betri ilipofika nikamwelekeza kwa simu: chomoa waya wa umeme, fungua kifuniko cha pembeni, tafuta kitu kinachong'aa kama sarafu, kisukume kwa ukucha, weka kingine, maandishi yatazame kwako. Alikuwa mtulivu kuliko mimi. Akawasha, akabonyeza kitufe nilichomtajia, akanisomea skrini neno kwa neno, herufi kwa herufi pale alipokuwa hana uhakika. Tukaweka mwaka, mwezi, siku, saa.

"Imewaka. Sasa?"

"Sasa tungoje, mama. Inaweza kuchukua dakika kumi."

Hakukata simu. Nilikuwa natazama orodha ya mashine kwenye skrini yangu, na jina la Manyoni lilikuwa jekundu. Dakika ya saba likageuka kijani, na mistari ikaanza kupita: imesoma ukurasa wa wote, imesoma ukurasa wa wilaya, imesoma wake, mabadiliko manne. La tatu kati ya hayo manne lilikuwa lile agizo la saa.

"Mwanangu, imesoma," akasema kabla sijafungua mdomo.